Karanga za mashariki mwa Congo: kipima mvua kwanza, dawa baadaye

Mvua ya kwanza ya msimu A inapoanguka, kutoka Fizi hadi Uvira, kutoka Beni hadi Mahagi, mama mlimaji anasimama mbele ya mfuko wake wa mbegu za karanga na swali moja: kupanda leo ao kungojea? Hakuna wa kumjibu. Agronomu yuko mbali, ao hana pikipiki, ao hajalipwa. Redio inatoa habari za Kinshasa na habari za vita. Basi mama anatazama mawingu, anamuuliza jirani, anamuomba Mungu, na anapanda. Tangu siku hiyo anacheza kamari na minervali ya watoto wake.

Kamari hiyo si ya lazima. Wadudu wanaoharibu karanga, soya na ufuta hawatokei ovyo, wala hawatumwi na jirani mwenye wivu. Wanafuata joto, mvua na upepo, na vitu hivyo vitatu vinapimika. Kwenye inchi zinazovipima, hatari inajulikana majuma kadhaa kabla ya hasara. Mashariki mwa Congo, ni nadra sana vipimwe kwa faida ya mlimaji. Hilo ndilo kosa la kusahihisha kwanza, kabla ya kununua hata chupa moja zaidi ya dawa ya wadudu.

Zao la mama

Ni vizuri kukumbuka kinachopotea. Katika familia nyingi za mashariki, ng'ombe ni wa baba na kahawa ni ya baba. Karanga mara nyingi ni za mama. Anazipanda, anazipalilia, anazing'oa, anazikausha, kisha anazigawa: sehemu inasagwa na kuingia katika sombe, sehemu inakwenda sokoni, sehemu inarudi kwenye mfuko wa mbegu. Feza inayotoka hapo inalipa minervali, chumvi, sabuni, dawa za mtoto na fungu la likelemba. Nyumba isiyo na nyama wala samaki inapata nguvu kutoka katika karanga na maharagi. Kwa hiyo mtu anaposema "mavuno ya karanga yameanguka", hasemi tu habari ya kilimo. Anasema kwamba watoto fulani watafukuzwa masomoni mwezi wa kwanza.

Adui mkubwa wa karanga katika Afrika ni ugonjwa unaoitwa rozeti. Walimaji wengi wanaujua kwa macho hata kama hawaujui kwa jina. Mche unadumaa, majani yanakuwa madogo na kujikusanya pamoja kama ua, mara nyingine yanageuka manjano, mara nyingine yanakuwa kijani kizito. Chini, mahali pa maganda, hakuna kitu. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1907 katika inchi jirani ya Tanganyika, wakati ule ikiwa koloni ya Wajerumani. Unaletwa na virusi, na virusi hivyo havipiti katika mbegu. Vinabebwa na vidukari, wale wadudu wadogo weusi wanaojazana kwenye ncha laini za mche na kufyonza maji yake.

Mche ukipata ugonjwa kabla ya kutoa maua, mama asitazamie kuvuna kitu hapo. Ukipata wakati maganda yameanza kujaa, hasara ni ndogo. Kila kitu kinategemea siku vidukari walipofika. Na ugonjwa huu ukiachiliwa, haulipi kodi ya shamba moja tu. Mwaka wa 1975 uliharibu karibu hekta 700,000 za karanga kaskazini mwa Nigeria. Katika miaka ya 1990 ulipiga Malawi na Zambia, na walimaji wengi wakaiacha karanga kabisa.

Kwa nini dawa inachelewa

Tangu zamani, jibu la watu wengi kwa wadudu ni moja: pompi mgongoni na chupa ya dawa. Mradi unafika, picha zinapigwa, chupa zinagawanywa, watu wanapiga makofi. Lakini kwa rozeti, dawa inayopulizwa baada ya mlimaji kuona majani yamejikunja ni feza iliyotupwa. Dawa inaua mdudu, haiponyeshi mche. Virusi vimekwisha kuingia, na hakuna chupa ya kuvitoa. Kidukari mwenye mabawa anayefika leo kutoka shamba lingine anaweza kuwa amekwisha kubeba ugonjwa, na akiisha kuubeba, anabaki nao maisha yake yote.

Dawa inayofaa ni ile inayofika mapema, mahali padogo, kwa sababu inayojulikana. Lakini ili kujua "mapema" ni lini, lazima mtu awe amesoma hali ya hewa. Bila hiyo, mama anapuliza wakati ameona, na wakati ameona amekwisha kuchelewa. Tena anapuliza bila glavu, bila kinga ya mdomo, na chupa tupu inageuka chombo cha kuwekea mafuta ya kula. Hasara imekuwa mara mbili: ya shamba na ya afya.

Mvua inayodanganya

Kidukari ni mdudu ambaye joto la mwili wake linategemea joto la hewa. Kukiwa na baridi anakua polepole, kukiwa na joto anakimbia. Katika joto la nyuzi 25 hivi, mtoto wa kidukari anakuwa mzazi baada ya juma moja hivi. Hapa kwenye joto, majike hawahitaji dume: wanazaa wenyewe, na kila mmoja anaweza kuzaa makumi ya watoto. Mtu akihesabu vizazi vitatu tu, ataelewa kwa nini shamba lililokuwa safi siku ya Mungu linaonekana jeusi majuma matatu baadaye.

Kinachowazuia ni mvua kubwa. Matone mazito yanawapiga na kuwaangusha chini, na unyevu unaleta ukungu unaowaua. Kinachowasaidia ni kiangazi kifupi katikati ya mvua: mvua imeanza, majani mabichi yametoka kila mahali, kisha mbingu inafunga kwa siku kumi ao kumi na tano. Hapo wana chakula, wana joto, hawana wa kuwapiga. Vizazi vinapangana. Kisha wenye mabawa wanaruka, upepo unawachukua, wanashuka kwenye mashamba mapya.

Wanashuka wapi? Wanavutwa zaidi na shamba ambalo udongo mtupu unaonekana kati ya miche. Shamba lililojaa majani haliwavuti sana. Ndiyo maana shauri la zamani la wataalamu wa kilimo ni kupanda mapema na kupanda karibu-karibu: vidukari wanapofika kwa wingi, karanga ziwe zimekwisha kufunika ardhi na kupita umri wa hatari. Watafiti waliochunguza huko Malawi walionyesha pia kwamba kuchanganya karanga na maharagi kunapunguza ugonjwa. Mama wengi wa Kivu wanafanya hivyo tangu bibi zao, bila kungojea mtafiti.

Hapo ndipo tatizo lenyewe linapoonekana. Kupanda mapema ni kinga, lakini ni kinga ikiwa mvua ya kwanza ni mvua ya kweli. Siku hizi mvua ya kwanza inadanganya mara nyingi. Inanyesha siku nne, watu wanapanda, kisha inapotea. Mbegu nyingine zinaoza ao zinakauka, miche inatoka mmoja hapa, mmoja pale, shamba linabaki na mapengo, na kiangazi kile kile kilichoua mbegu kinazalisha vidukari. Mlimaji aliyefuata shauri la kupanda mapema anaadhibiwa mara mbili. Aliyengojea naye, mvua ikiendelea vizuri, anajikuta na miche michanga wakati vidukari wa mashamba ya jirani wanaanza kuruka.

Kwa karanga, kosa hilo lina bei kuliko kwa mahindi. Mbegu za mahindi zinazotosha hekta moja mtu anaweza kuzibeba mkononi, kilo 20 ao 25. Za karanga zinafika kilo 80 hivi zilizomenywa. Na wakati punje moja ya mahindi inarudisha mamia ya punje, karanga inarudisha kidogo, mara kumi hivi katika mashamba ya kawaida. Mama aliyepoteza mbegu hapotezi msimu mmoja. Anapoteza na ule unaofuata, kwa sababu hana cha kurudisha katika udongo, na kununua mbegu mwezi wa kumi, wakati bei imepanda, ni kuingia katika deni.

Kwa hiyo swali la mama mbele ya mfuko wake si swali dogo. Ni swali la sayansi, na lina jibu la sayansi.

Wengine wanafanyaje

Katika Uingereza, kituo cha utafiti cha Rothamsted kina mitambo ya kufyonza wadudu hewani tangu mwaka wa 1964. Ni mabomba marefu ya metre 12 hivi yanayovuta hewa mchana na usiku, na wataalamu wanahesabu vidukari waliomo. Baada ya kulinganisha hesabu za miaka mingi na vipimo vya joto, waligundua kwamba joto la mwezi wa kwanza na wa pili linatabiri siku ambayo vidukari fulani wataanza kuruka. Majira ya baridi yakiwa na joto zaidi kwa nyuzi moja, wanaruka mapema kwa karibu majuma mawili. Mlimaji wa koliza, lile zao la maua ya manjano linalotoa mafuta ya kula huko Ulaya, anapata habari hiyo kabla ya kushika pompi. Anajua mwaka gani atumie feza na mwaka gani aiweke mfukoni.

Kanuni ya Uingereza haiwezi kuletwa Uvira jinsi ilivyo. Hapa hakuna baridi ya kuua vidukari. Wanazaa mwaka mzima kwenye karanga zilizojiotea na majani mengine ya jamii ya maharagi. Hapa kinachoamua ni mvua na mapengo yake. Lakini njia ni ile ile: kuhesabu wadudu, kupima hali ya hewa, kuandika, kulinganisha, kutangaza.

Na haihitaji mitambo mirefu. Tanzania ilionyesha hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika wilaya ya Kilosa. Shida yao ilikuwa viwavijeshi wanaokula mahindi na mpunga. Kwa miaka mingi serikali ilikuwa ikitoa utabiri wa kila juma kutoka Tengeru, karibu na Arusha, lakini habari haikufika kijijini kwa wakati. Basi vijiji vikapewa vitu viwili: mtego wenye harufu inayovuta vipepeo dume wa viwavi hao, na kipima mvua. Walimaji waliochaguliwa na wenzao wakafundishwa kuhesabu vipepeo, kupima mvua, na kutoa onyo wao wenyewe. Njia hiyo ilipelekwa baadaye katika inchi nyingine za Afrika. Walioifanya si maprofesa. Ni watu wenye daftari na saa.

Mashariki mwa Congo yenyewe imekwisha kuona utabiri wa namna hiyo ukitimia. Mwezi wa pili wa mwaka wa 2020, kundi dogo la nzige wa jangwani lilifika Ituri, upande wa magharibi wa Ziwa Albert. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1944. Wakaaji wengi walishangaa, lakini shirika la FAO lilikuwa likifuata nzige hao tangu mbali: vimbunga vya mwaka wa 2018 vilinyeshea jangwa la Arabuni na kuwapa mahali pa kuzaa, kisha mvua nyingi za mwisho wa 2019 katika Somalia, Ethiopia na Kenya zikawaongeza. Mvua iliyoanguka mahali ambapo hakuna Mcongomani anapalima ilisomwa, na kutokana nayo walimaji wa Afrika Mashariki wakaonywa. Ikiwa inawezekana kwa nzige anayevuka bahari, itashindikanaje kwa kidukari anayevuka barabara?

Kinachohitajika

Jambo la kwanza ni kipima mvua katika kila kijiji kinacholima karanga kwa wingi. Si lazima kitoke Ulaya. Kopo lenye ukuta ulionyooka, lisilo pana juu kuliko chini, likiwekwa wazi mbali na miti na paa, pamoja na rula, linatosha kuanzia. Kila asubuhi saa moja mtu anapima urefu wa maji, anaandika milimetre, anamwaga. Milimetre moja ni litre moja ya maji juu ya kila metre mraba ya shamba. Mtoto wa darasa la tano anaweza kujifunza hesabu hiyo, na shule ni mahali pazuri pa kuweka kopo hilo, kwa sababu mwalimu yuko pale kila siku na daftari halipotei.

Jambo la pili ni macho. Mara mbili kwa juma, tangu miche inapotoka mpaka inapofunga maua, mtu wa koperative anapita shambani kwa kukata kona, anatazama ncha za miche ishirini, anaandika mingapi ina vidukari. Kazi hiyo haimalizi nusu saa.

Jambo la tatu ni mtu mmoja katika ofisi ya kilimo ya jimbo ambaye kazi yake ni kupokea namba hizo kwa ujumbe wa simu, kuzipanga pamoja na habari za shirika la serikali la hali ya hewa, Mettelsat, na kurudisha jibu kila juma kupitia redio za vijijini. Kurudisha jibu ndiyo kazi yenyewe. Mradi unaokusanya namba na kuzipeleka Kinshasa ao Geneva bila kurudi kijijini hauna tofauti na mwizi wa daftari.

Jibu lenyewe liwe katika Kiswahili na katika luga za mahali, na liseme la kufanya. Kabla ya kupanda: "Mvua ya juma hili haijalowesha udongo vya kutosha, ngojeni," ao "Udongo umeshiba, mvua inaendelea, pandeni wote juma hili, karibu-karibu, na ng'oeni karanga zilizojiotea." Baada ya miche kutoka: "Ni siku kumi bila mvua, na vidukari wameonekana katika vijiji vitatu, jazeni mapengo, tazameni kingo za mashamba, ng'oeni mche wa kwanza wenye ugonjwa, na mwenye dawa apulize sasa mahali penye vidukari tu." Na mwaka mbaya ukionekana mapema: "Pandeni nusu, wekeni nusu ya mbegu." Ujumbe huo wa mwisho peke yake unaweza kuokoa mbegu za kijiji kizima.

Onyo moja kwa jimbo lote halifai. Uvira iko karibu metre 800 juu ya bahari, Bukavu karibu metre 1,500, na si mbali kati yao. Joto si moja, mvua haianzi siku moja, na vidukari hawakui kwa mwendo mmoja. Ndiyo maana mashine iliyo angani haitoshi, na makopo ya vijijini yanahitajika.

Kanuni za kwanza zitakuwa za kukisia. Baada ya misimu minne ao mitano ya kuandika bila kuacha, watafiti wa INERA, ambao wana kituo Mulungu, na wanafunzi wa vyuo vya kilimo vya Bukavu, Butembo, Goma na Bunia watakuwa na kitu ambacho leo ni adimu: hesabu za mahali zenyewe, za kuonyesha siku ngapi za kiangazi zinaleta vidukari wangapi kwenye bonde na kwenye mlima. Kipima mvua kilekile kitasaidia soya, ufuta na maharagi.

Wanaopinga

Wa kwanza watasema: kuna vita. Ni kweli. Kuna mashamba ambayo mama hawezi kuyafikia, na kuna barabara ambayo agronomu hawezi kupita. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuanza na kopo na redio. Gari la mradi linazuiliwa kwenye kizuizi, ujumbe wa redio hauzuiliwi. Waliokimbia na kurudi, wakiwa na mbegu walizokopa, ndio wasioweza kabisa kubahatisha.

Wa pili watasema: utabiri unakosea. Utakosea, ndiyo. Juma moja utasema ngojeni, na mvua itanyesha. Kwa hiyo mtangazaji aseme wazi kama hatari ni ndogo, ya kati ao kubwa, na asijifanye nabii. Lakini mlimaji wa leo naye anatabiri, kwa mawingu na kwa kusikia, na anakosea peke yake bila mtu wa kuandika kosa lake. Utabiri ulioandikwa unakosea na kujifunza.

Wa tatu watasema: wazee wanajua. Wazee wanajua mengi, na mpango wowote usiowakalisha wazee na mama walimaji kwenye kiti cha mbele utakufa. Wanajua upepo gani unaleta mvua, mti gani unachanua kabla ya masika. Lakini ni wazee hao hao wanaosema kwamba miezi imeharibika na alama za zamani hazisemi tena ukweli kila mwaka. Kopo halifuti ujuzi wao. Linawapa namba ya kuulinganisha.

Wa nne watasema: leteni mbegu zinazovumilia rozeti, basi. Mbegu hizo zipo. Uganda, kwenye kituo cha Serere, imetoa aina zinazoitwa Serenut, na Malawi ina zake. Zinafaa kutafutwa, kujaribiwa na kuzalishwa hapa. Lakini hata mbegu nzuri inakufa katika kiangazi cha mvua ya uongo. Mbegu na habari ya mvua ni miguu miwili ya mtu mmoja.

Na kwa wale wanaopenda miradi mikubwa, historia ya karanga ina fundisho. Mwaka wa 1947 Waingereza walianza huko Tanganyika, penye Kongwa, mradi mkubwa wa karanga wa kulisha Ulaya mafuta baada ya vita. Walileta matrekta na feza nyingi. Mvua ya mahali haikuwa imechunguzwa vya kutosha, ardhi ikakauka na kuwa ngumu kama tofali, na mwaka wa 1951 mradi ukafutwa baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Matrekta yalitangulia, ujuzi wa mvua ukafuata nyuma.

Nani afanye

Katiba ya mwaka wa 2006 inaweka programu za kilimo katika mikono ya majimbo. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili 2011 inalitaka taifa limsaidie mlimaji. Tangu Maputo mwaka wa 2003, viongozi wa Afrika waliahidi kutoa asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Karatasi hazikosekani. Kinachokosekana ni mtu anayeamka saa moja asubuhi kupima mvua na mtu wa pili anayepokea namba yake.

Mawaziri wa kilimo wa majimbo wanaweza kuanza na vijiji ishirini katika kila jimbo, bila kungojea mfadhili. Mashirika yanayogawa mbegu yanaweza kuweka sharti moja: pasiwe na mfuko wa mbegu unaotolewa mahali ambapo hakuna kipima mvua na mtu wa kukisoma. Wanaogawa dawa waulizwe swali rahisi kabla ya kushusha makatoni: ni namba gani za wadudu na za mvua zilizowaonyesha kwamba dawa hii inahitajika, hapa, juma hili? Asiye na jibu arudishe makatoni yake kwenye gari. Na redio za jamii, ambazo zinapata nafasi ya kusoma matangazo ya pombe na ya simu, zinaweza kupata dakika tano kila siku ya soko kwa ajili ya mvua na wadudu.

Msimu unaofuata, mama yule atasimama tena mbele ya mfuko wake. Mawingu yatakuwa yale yale, na vidukari watakuwa wakingoja kwenye karanga zilizojiotea kandokando ya njia. Kitu kimoja tu kinaweza kubadilika kabla ya siku hiyo: awe amesikia, kwa luga yake, mvua imenyesha kiasi gani katika kijiji chake na cha jirani, na wadudu wameonekana wapi. Akipanda baada ya hapo, atakuwa amechagua. Akingoja, atakuwa amechagua vilevile.